Fishifainda inasema chini ni mita 62 lakini kamba ya mita 100 haigusi kitu, hii sauti inagonga nini huko?

kibirizi_usiku ameuliza:

Wakuu salaam. Naombeni msaada kwa mnaoelewa mambo ya sauti na maji. Sisi tunavua dagaa na migebuka huku Kigoma, usiku, kwa taa, na juzi kati kaka yangu ambaye ndo mwenye boti kaleta fishifainda ya mtumba (ile mashine ya kutafuta samaki na kupima kina kwa sauti), ina skrini ndogo ya rangi na sensa moja ya kufunga nyuma ya boti, kwenye sensa pameandikwa 50/200 kHz. Inawaka vizuri, na karibu na mwalo kwenye kina kidogo inasoma sawasawa kabisa maana tulipima kwa kamba na jiwe ikalingana.

Shida inaanza tukitoka nje. Kule mbali ambako kila mtu hapa anajua ni kina kirefu mashine inachora mstari mzito na kusema chini ni mita 62, tukashusha jiwe kwa kamba ya mita 100, kamba ikaisha jiwe linaning'inia tu. Halafu jua likizama kinatokea kitu kingine, kama sakafu nene inayopanda taratibu kutoka chini kuja juu mpaka inakaribia wavu, na kukikaribia kucha inashuka tena. Mchana haionekani.

Sasa swali langu, hii sauti inajuaje kuna kitu chini ya maji, na pale mita 62 inagonga nini kama hakuna mwamba? Nataka nielewe kabisa, sio kuambiwa bonyeza hapa bonyeza pale, maana kaka ameshaanza kusema aiuze na mimi naona tukiielewa itatusaidia sana.

mchapakazi77:

Sensa imekufa hiyo mkuu. Mtumba ndo ulivyo. Badilisha sensa.

fundi_mwangwi:

Sensa haijafa, ingekuwa imekufa isingelingana na kamba pale mwaloni. Ngoja nieleze kwa urefu kidogo maana umeuliza vizuri na watu wengi wanazo hizi mashine wanazitumia kama televisheni tu.

Hiyo mashine haina jicho. Inapiga mlio mfupi sana kwenda chini, inanyamaza, inasikiliza mwangwi ukirudi, na muda wote huo inahesabu. Basi. Kila kitu unachokiona kwenye skrini kimetokana na muda na ukubwa wa mwangwi, rangi nyekundu ni mwangwi mkali, bluu ni mwangwi hafifu, na kina ni muda uliogeuzwa kuwa mita. Wanatumia sauti kwa sababu maji yanameza mwanga na yanameza mawimbi ya redio, ndo maana rada haifanyi kazi chini ya maji, lakini sauti inapita humo vizuri kuliko hata hewani. Hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwenye maji ni kama 1,500. Na waliopima vizuri kwa mara ya kwanza walipimia ziwani kama nyie, mwaka 1826 kwenye Ziwa Geneva huko Uswisi, Colladon na mwenzake Sturm. Boti moja iligonga kengele iliyozamishwa na papo hapo kuwasha baruti, boti nyingine ilikuwa zaidi ya kilomita 13 mbali, mtu katia bomba refu kwenye maji anasikiliza huku anaangalia mwako wa baruti, akihesabu tofauti ya muda. Wakapata mita 1,435 kwa sekunde kwenye maji ya nyuzi 8, na mpaka leo ukipima kwenye maji baridi kama yale unapata karibu hapohapo. Maji yenu ni ya moto zaidi ndo maana ni karibu 1,500.

Sasa tufanye hesabu yako. Mita 62 ni kwenda na kurudi, jumla mita 124, gawa kwa 1,500 unapata milisekunde 83 hivi. Kwa hiyo mashine inachokuambia hasa ni hiki, kuna mwangwi mkali umefika milisekunde 83 baada ya mlio wangu wa mwisho. Zingatia neno mlio wa MWISHO, maana hapo ndo penye fumbo lako la kwanza.

Mashine hizi zikiwekwa kwenye renji fupi zinapiga milio haraka haraka. Chukulia mfano inapiga mitano kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 200. Katika milisekunde 200 sauti inaweza kwenda na kurudi mita 150 tu. Sasa kama chini ya boti yenu pana mita 362, mwangwi wa mlio wa kwanza utarudi baada ya milisekunde 483, wakati huo mashine imeshapiga mlio wa pili na wa tatu, na huo wa tatu ulipigwa milisekunde 83 zilizopita. Mashine haina namna ya kujua mwangwi huu ni wa mlio upi, inauhesabia wa karibuni, inaandika mita 62. Kila mlio mmoja uliopitwa unaficha mita 150. Kwa hiyo huo mwamba upo kweli na sauti imeugonga kweli, ila uko mita 212 au 362 au 512, na jiwe lenu la mita 100 lisingefika kokote. Ziwa Tanganyika lenyewe mahali penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470 na upande wa Kigoma ukingo unatumbukia ghafla, hamuendi mbali mmeshakuwa juu ya mamia ya mita.

Kuhakikisha ni rahisi na haina gharama. Mkiwa palepale badilisha renji kwa mkono, toa kwenye oto, weka mita 300 halafu weka 600. Renji ikiongezeka mashine inapunguza kasi ya milio ili isubiri mwangwi wa mbali. Kitu cha kweli hakihami, kama ni mita 62 kitabaki 62 kwenye renji zote. Mzimu wa mlio uliopita utaruka, utakuta 62 imekuwa namba nyingine au imepotea kabisa. Na tumia 50 kHz kwa kazi hiyo, sio 200.

Hiyo sakafu inayopanda jioni ni habari nyingine kabisa, siyo mzimu, nawaachia wenye samaki.

kibirizi_usiku:

Aisee. Hapo kwenye mlio wa mwisho nimesoma mara mbili mbili ndo ikaingia. Nitajaribu tukitoka. Sasa hiyo 50 na 200 tofauti yake ni nini, mimi siku zote naacha ilivyo.

fundi_mwangwi:

Ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, 200 kHz ni mitetemo laki mbili kwa sekunde, sikio la binadamu linaishia kama elfu ishirini ndo maana husikii kitu. Kwenye 200 wimbi moja lina urefu wa milimita 7.5 tu, kwenye 50 ni sentimita 3. Wimbi fupi linaonyesha vitu vidogo na kuvitenganisha vizuri lakini linachoka haraka, wimbi refu linafika mbali lakini picha yake ni ya jumla jumla. Pia sensa inatoa sauti kwa umbo la koni kama mwanga wa tochi, na kwenye 200 koni inakuwa nyembamba, kwenye 50 inatanuka. Tuseme koni ya nyuzi 20, ukiwa na mita 60 chini yako unasikiliza duara la upana wa mita 21. Koni ya nyuzi 45, kina hichohicho, ni karibu mita 50. Kwa hiyo samaki unayemwona kwenye 50 anaweza kuwa hata hayuko chini ya boti, yuko pembeni mita ishirini na zaidi.

Na ndo hapo zile alama za upinde zinapotoka. Samaki akiingia ukingoni mwa koni yuko mbali kidogo na sensa, akifika katikati umbali unapungua, akitoka unaongezeka tena, mashine inachora upinde. Lakini hiyo ni kama boti inatembea au samaki anapita. Nyie mmesimamisha boti na taa, samaki katulia chini ya mwanga, atachorwa mstari mrefu ulionyooka, msije mkadhani ni waya au kamba.

dagaa_na_namba:

Mkuu fundi umemaliza hiyo ya kwanza, mimi nichukue ya pili. Nimeshiriki kazi za kupima samaki kwa sauti upande wa Ziwa Victoria, na hiyo sakafu yako inayopanda jioni kaka kibirizi ni chakula chako na wanao. Ni dagaa wenyewe, pamoja na uduvi na vidudu vidogo wanavyokula. Mchana wanashuka kwenye giza kukwepa kuonwa na migebuka, giza likiingia wanapanda kula. Kwenye Tanganyika hili limepimwa, miaka ya 1990 kulikuwa na mradi mkubwa wa FAO na Finland kwa nchi zote nne za ziwa, na meli yao ya utafiti, Tanganyika Explorer, ilizunguka ziwa ikipiga sauti usiku na mchana.

Kwa nini kidagaa cha urefu wa kidole kinatoa mwangwi? Mwili wa samaki karibu wote ni maji, sauti ikiugonga inapita kama vile hakuna kitu. Kinachorudisha sauti ni bondo. Kile kibofu cha hewa ndani yake ndo kinatoa sehemu kubwa kabisa ya mwangwi, kama asilimia 90 na zaidi, kwa sababu sauti ikitoka kwenye maji na kukutana na hewa inagoma kupita, inarudi. Wavuvi wa sangara wanalijua bondo kwa bei yake, mashine yako inalijua kwa mwangwi. Dagaa mmoja mwangwi wake ni mdogo, lakini wakiwa maelfu kwa maelfu wamebanana, na mashine haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana chini ya sentimita kadhaa, inawachora wote kitu kimoja. Sakafu.

Na hamkuanza nyie kuiona. Wakati wa vita vya pili vya dunia, mwaka 1942, Wamarekani walikuwa wanajaribu sonari, yaani mashine ya kutafuta vitu majini kwa mwangwi, kwenye bahari karibu na California wakakutana na tabaka linarudisha sauti kwenye mita mia tatu na zaidi mahali penye kina kirefu mno, hawakujua ni nini. Wengine walifikiri ni mambo ya joto la maji tu. Mwaka 1945 mtu wa baiolojia, Martin Johnson, akafikiri hivi, kama ni viumbe basi kitapanda usiku na kushuka mchana, kama ni maji tu hakitahama. Wakakaa nalo usiku na mchana, likapanda na likashuka. Kwa muda mrefu manahodha walikuwa wanaripoti miamba na mafungu mahali ambapo meli za baadaye zilikuta kina kirefu tu. Kwa hiyo kaka yako akikuambia mashine mbovu mwambie hiyo "mbovu" ndo inakuonyesha dagaa wamefika mita ngapi, jua ushushe wavu hadi wapi na uunyanyue saa ngapi.

Jambo moja muhimu la ziwa lenu. Chini huko hakuna oksijeni. Upande wa kaskazini ukishapita kama mita 100 hewa inaisha, kusini inaenda mpaka kama mita 200, chini ya hapo hakuna samaki anayeishi, na ziwa limebaki na mamia ya mita ya maji matupu. Sasa ukiona alama za samaki kwenye mita 300 usifurahi. Hiyo ni kelele, punguza sensitiviti. Wengi wanapandisha sensitiviti mwisho wakidhani wataona samaki wengi, wanachoongeza ni takataka.

mama_ndagala:

Siye huku Uvira ni hivohivo, ndagala zinapanda usiku na mwezi ukiwa mkubwa haziji kwenye taa. Hiyo mashine kwenye mbalamwezi inaonyesha nini?

dagaa_na_namba:

Dada, mwezi ukiwa mkubwa tabaka halipandi juu sana, linabaki chini na limetawanyika, na taa yako inashindana na mwanga wa mwezi. Mashine itakuonyesha wapo, ila hawajajikusanya. Hapo ndo faida yake, unajua kwamba samaki hajahama, ni mwanga tu, haupotezi mafuta kumtafuta kwingine.

nahodha_wa_zamani:

Vijana hamjambo. Nimesoma yote, mmeeleza vizuri. Ila niulize, sisi wazee tunaamini mlio wowote kwenye maji unafukuza samaki, ukidondosha kasia tu ndani ya boti wavu unatoka mtupu. Sasa hii mashine inapiga milio mitano kwa sekunde usiku kucha, dagaa watabaki?

dagaa_na_namba:

Shikamoo mzee. La kasia ni kweli kabisa na mnachosema wazee kina maana, samaki wanasikia milio ya chini, minene, mlio wa kasia, injini, hatua za mtu kwenye mbao. Samaki wengi mwisho wao ni kama mitetemo elfu moja au mbili kwa sekunde. Mashine inapiga elfu hamsini au laki mbili, iko mbali mno na masikio yao. Wapo samaki wa Amerika wa ukoo mmoja na dagaa, wale wa jamii ya shad, wamepimwa wakakutwa wanasikia mpaka 180 kHz, inaaminika ni kwa ajili ya kuwakimbia pomboo wanaowinda kwa sauti. Ndugu zao wengine wa jamii ya sadini waliopimwa baadaye hawakusikia hivyo. Kwa hiyo ushauri wangu mzee, tumieni 200 kHz mkiwa juu ya dagaa, na kelele za ndani ya boti ziendelee kukatazwa kama mlivyofundisha.

Wanaoumia kweli na sonari ni nyangumi, na sio kwa mashine hizi ndogo, ni zile za meli za kivita zenye nguvu kubwa na mlio wa chini. Machi 2000 visiwa vya Bahamas nyangumi kadhaa walikwama ufukweni wakati meli za jeshi la Marekani zinafanya mazoezi, na uchunguzi ukaonyesha sonari ndo chanzo.

nahodha_wa_zamani:

Marahaba mwanangu. Nimeelewa.

kibirizi_usiku:

Wakuu nimerudi na majibu. Tulitoka mapema jua likiwa bado juu, pale pale pa mita 62. Nikatoa oto, nikaweka renji 300 kwenye 50 kHz, ule mstari wa 62 ukapotea pale pale na ukatokea mstari mwingine mita 214, nikaweka 600 ukabaki 214 haukuhama. Kaka alinyamaza akaangalia. Usiku sakafu ikapanda kama kawaida, nikabadilisha renji haikuhama, ikawa na dagaa kweli. Ila kuna kitu sijakielewa, mchana kwenye mita 50 hivi kuna mstari mwembamba hafifu sana ulionyooka, haupandi haushuki, ni nini?

fundi_mwangwi:

Safi sana, hiyo tofauti ya mita mbili kati ya 212 na 214 isikusumbue, ule mfano wangu wa milio mitano kamili ulikuwa makadirio.

Mstari mwembamba unaweza ukawa mpaka kati ya maji ya juu yenye joto na maji baridi ya chini. Maji yenyewe yanarudisha sauti kidogo sana, ila pale mpakani vidudu na uchafu mwepesi huwa vinakusanyika na hivyo ndo vinachorwa. Chunguza kama utashuka au kupanda upepo mkali wa kusini ukishavuma siku kadhaa, maana upepo unasukuma maji ya juu na mpaka wote unainama.

Na huo mpaka una habari kubwa kuliko unavyoonekana. Sauti inaenda kasi kwenye maji ya moto na polepole kwenye maji baridi, karibu mita tatu kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya joto, na inapopita kwa mshazari inapinda kuelekea kwenye maji ya polepole, yaani inainama kwenda kwenye baridi. Kwako wewe unayepiga chini wima haikusumbui. Ila anayepiga pembeni kutafuta kitu mbali inaweza kumnyima kabisa. Miaka ya 1930 meli za jeshi la wanamaji la Marekani zilikuwa zinanasa manowari (nyambizi) vizuri asubuhi, ikifika alasiri hazisikii kitu, wakubwa wakawa wanadhani mabaharia wanasinzia wakishakula cha mchana. Watu wa Woods Hole, kituo cha Marekani cha utafiti wa bahari, wakaja kupima joto la maji wakakuta jua la mchana limepasha mita chache za juu na sauti yote inainama chini kabla haijafika kwenye manowari. Manowari ziko palepale, sauti ndo haifiki. Baada ya hapo kila meli ya sonari ikawa inapima joto la maji kwanza.

bintiwabandari:

Nimefuata huu uzi toka juu, mie niko Mombasa, nafanya kazi ya kupima kina bandarini. Niongeze upande wa kutafuta vitu vilivyozama maana hapo ndipo watu wengi huku walipoanza kuisikia hiyo sonari. Mnakumbuka Septemba 29, 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri pale Likoni na mama na mtoto wake ndani. Lilipatikana na kutolewa Oktoba 11, kina cha mita 58. Siku zote hizo watu walisimama ufukweni wakiuliza, mita 58 tu, mashine zipo, kwa nini hawalioni? Lile swali lilikuwa la haki na linastahili jibu la kweli.

Sonari ya kutafutia haifanani na fishifainda. Kuna ile inayokokotwa kwa kamba nyuma ya chombo, inapiga sauti kulia na kushoto badala ya chini, na inachora sakafu ya bahari vipande vipande. Kitu kigumu kinachotoka juu ya mchanga kinang'aa na nyuma yake kinaacha kivuli, mahali ambapo sauti haikufika. Sisi tunasoma kivuli kuliko kitu chenyewe, urefu wake ndio unakwambia hiki kimesimama mita ngapi. Lakini gari halichorwi kama gari. Linakuwa doa, na kwenye mlango wa bandari madoa ni mengi, mawe, vyuma, vitu vya miaka na miaka. Kila doa lazima mtu au kamera ishuke kuhakiki, na pale maji yanakwenda mbio na ndani ni giza, mzamiaji ana muda mfupi tu kati ya maji kujaa na kupwa ambapo mkondo unatulia. Kuona doa ni saa chache. Kulihakiki ndiko kulikokula siku.

Na ukitaka kujua ukubwa wa kazi hii fikiria ile ndege ya Malaysia, MH370, iliyopotea Machi 2014. Kipande cha bawa lake kiliokotwa Pemba Juni 2016, kimeelea Bahari ya Hindi yote. Kisanduku chake cheusi cha kurekodi safari kina kifaa kinachopiga mlio wenyewe kwa 37.5 kHz kikilowa maji, betri yake ilitengenezwa idumu siku 30, na mlio huo unasikika kilomita chache tu. Betri ikiisha kinabaki kimya, ndipo unaanza kupiga sauti wewe. Walipiga sonari eneo la kilomita za mraba 120,000, kina cha maelfu ya mita, wakasimamisha Januari 2017. Walikuta mabaki ya meli za zamani wasizozitafuta. Ndege hawakuiona. Ile ya Air France iliyoanguka Atlantiki mwaka 2009 ilipatikana Aprili 2011, karibu mita 3,900 chini, kwa vyombo visivyo na mtu vinavyoogelea karibu na sakafu na sonari yao ubavuni. Lazima ushuke na sonari, kwani mlio wa juu wa kuonyesha vitu vidogo hauwezi kupiga kutoka juu ukafika huko.

mchapakazi77:

Dada umeeleza vizuri sana, lile la Likoni liliniumiza. Hivi hii kitu aliibuni nani?

bintiwabandari:

Hakuna mmoja. Titanic ilipozama Aprili 1912 watu wengi walianza kutafuta namna ya kugundua barafu kwa sauti. Fessenden, Mkanada, Aprili 1914 akiwa kwenye meli ya Marekani karibu na Newfoundland alipata mwangwi wa siwa la barafu umbali wa kama kilomita tatu, na bila kutarajia akasikia na mwangwi wa sakafu ya bahari. Vita vya kwanza vilipokuja na manowari za Wajerumani, Mfaransa Langevin akatumia jiwe la kwatzi, ambalo ukilipa umeme linatetemeka na likitetemeshwa linatoa umeme, na hilo la kutoa umeme ndugu wawili wa familia ya Curie waliligundua mwaka 1880. Hiyo sensa ya kibirizi ndani yake kuna kipande kinachofanya kazi hiyohiyo, chenyewe ndicho mdomo na chenyewe ndicho sikio.

kibirizi_usiku:

Nashukuru sana wote. La mwisho, shemeji yangu yuko Tanga anavua baharini anataka anunue kama yangu, itafanya kazi vilevile?

dagaa_na_namba:

Itafanya ila ajue mambo matatu manne. Maji ya chumvi yanameza mlio wa juu mara kadhaa zaidi ya maji baridi ya ziwani, kuna chumvi ya magnesia ndani yake inayokula nguvu ya sauti, kwa hiyo 200 kHz inayokufikisha wewe mbali kule kwake itachoka mapema. Mkondo wa Unguja ni wa makumi ya mita, 200 itamtosha. Akivuka kwenda mkondo wa Pemba ambako ni mamia ya mita atahitaji 50. Kwenye setingi kuna sehemu ya kuchagua maji ya chumvi au ya ziwa, abadilishe, kasi ya sauti baharini ni kubwa zaidi, akiiacha ya ziwani kwenye mita 60 itakosea kama mita moja na nusu. Ni ndogo kama anatafuta samaki, na kwenye kina kifupi inazidi kuwa ndogo.

Pia samaki wengine wa baharini hawana kibofu cha hewa. Papa hana. Sehewa hana. Kundi la sehewa linaweza kupita chini yake skrini ikaonyesha hafifu tu, na samaki wachache wa mwambani wenye vibofu vikubwa wakawaka nyekundu. Asihesabu uwingi kwa rangi. Sisi tukipima ziwani hatuamini rangi, kwanza tunaning'iniza chini ya sensa gololi ya tangsteni kabaidi ya milimita 38.1 ambayo mwangwi wake unajulikana, tunarekebisha mashine kwa hiyo, halafu tunakamata samaki kwa wavu tujue ni aina gani na urefu gani, ndo tunagawanya mwangwi wote kwa mwangwi wa samaki mmoja. Bila wavu, sauti peke yake haikwambii kama ni dagaa au furu.

fundi_mwangwi:

Na sensa aifunge mahali ambapo mapovu ya propela hayafiki, povu ni hewa, na hewa inarudisha sauti yote kabla haijaenda popote. Kama skrini inajaa vidoa boti ikikimbia na inasafika ikisimama, ni mapovu. Kama inajaa vidoa taa zikiwashwa na inasafika zikizimwa, ni umeme wa hizo taa za LED unaingia kwenye waya wa sensa, mpe mashine betri yake pekee na waya wa sensa upite mbali na waya wa taa. Hilo hata wewe kibirizi lifanye kwenye boti yenu kabla ya giza la mwezi ujao.